Kutoka gome la mnazi hadi jarida la kisayansi: mwongozo kamili wa mosi na kuvumwani wa Unguja na Pemba

Mhariri wa jarida la mosi na kuvumwani akipokea makala hutafuta kwanza namba ya sampuli na jina la hebaria, yaani ghala la sampuli zilizokaushwa, inakohifadhiwa. Asipoviona, makala hurudi. Kiingereza kibovu hurekebishika kwa wiki moja. Sampuli isiyo na lebo hairekebishiki kabisa, kwa sababu hakuna atakayejua tena ilitoka mti gani wa msitu gani. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu zaidi porini na kwenye bahasha kuliko kwenye kompyuta.

Kwanza tuelewane kwa majina, maana mtaani vyote huitwa ukoga au kuvu. Mosi ni mmea kamili, mdogo, wenye vijani na kishina, usio na mizizi ya kweli wala maua. Jamaa zake wa karibu, hepatiki, wengi wao hulala bapa juu ya gome au juu ya majani ya miti mingine. Kuvumwani si mmea. Ni kuvu inayoishi pamoja na mwani au bakteria wa kijani-buluu, na jina lake la kisayansi ni jina la ile kuvu. Tofauti hii itakurudia kwenye kanuni za majina huko mbele. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao kwa kuvumwani moja tu yenye thamani: malele, zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye mikoko na miti ya ufukweni, zilizosafirishwa kutoka Zanzibar karne ya 19 kutengenezea rangi ya zambarau. Kisayansi ni jenasi Roccella. Yafaa neno hilo lirudi kutumika.

Vibali na ruhusa

Unahitaji kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi, na kingine cha mamlaka ya misitu ukiingia Jozani, Masingini, Kiwengwa, Ngezi au hifadhi nyingine yoyote. Omba miezi kadhaa kabla. Kama sampuli zitavuka bahari kwenda kwa mtaalamu, taja hilo tangu kwenye maombi ya kwanza, kwani majarida mengi sasa huuliza namba za vibali na jinsi Itifaki ya Nagoya, yaani mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za viumbe, ilivyofuatwa. Ukifika, jitambulishe kwa sheha. Katika shamba la mikarafuu mtafute mwenye shamba umwoneshe kisu utakachotumia, kwa sababu jeraha kwenye gome la mkarafuu ni njia ya maradhi na yeye analijua hilo kuliko wewe. Kwenye mti usio wako, chukua kutoka matawi yaliyoanguka.

Kuta za Mji Mkongwe, msikiti wa Kizimkazi, magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini: piga picha, usikwangue. Patasi hung'oa chokaa pamoja na kuvumwani, na hakuna rekodi ya kisayansi inayolipia maandishi ya kale yaliyochubuka.

Vifaa vya mfukoni

Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, na ukiweza ya mara 20. Kisu kifupi chenye makali. Patasi na nyundo ya gramu 500 hivi kwa mawe ya maweni, pamoja na miwani ya kukinga macho, kwa sababu jiwe la matumbawe hupasuka vipande vyenye ncha. Bahasha za karatasi, 50 kwa siku moja. Penseli ya 2B. Wino wa kalamu hutawanyika karatasi ikilowa, penseli haitawanyiki. Simu au kifaa cha GPS kilichowekwa kwenye mfumo wa nukta za ramani uitwao WGS84.

Usibebe mifuko ya plastiki. Kwa joto na unyevu wa visiwa hivi, mosi iliyofungwa kwenye plastiki asubuhi huanza kunuka jioni, na siku ya pili ina ukungu mweupe. Bahasha ya kaki ya dukani inatosha, ila bora zaidi ni karatasi ya A4 unayoikunja mwenyewe: kunja upande wa chini kuelekea juu ukiacha kama sentimita 4, kunja pande mbili za pembeni kwa nyuma, kisha ule ukingo wa sentimita 4 uwe kifuniko. Unapata bahasha ya takriban sentimita 14 kwa 13, isiyo na gundi, inayofunguka yote bila kumwaga chembe. Gundi huvuta wadudu.

Kukusanya

Tembea kwa mazingira, si kwa umbali. Mtu anayezunguka mnazi mmoja, jiwe moja na ukingo mmoja wa kisima kwa lenzi hupata spishi nyingi kuliko anayevuka msitu wote kwa mwendo wa haraka. Anzia shina la mnazi, urefu wa goti hadi kifua. Humo utakuta vishada vyeupe-kijani kama sifongo ndogo: Octoblepharum albidum, mosi ya pwani zote za tropiki. Karibu yake huwa kuna Calymperes, yenye majani ambayo ncha zake hubeba vijiti vidogo vya uzazi kama burashi. Kuta za chokaa zenye kivuli, kingo za visima na mawe ya mapango kama ya Mangapwani hubeba mosi fupi za familia ya Pottiaceae. Ngezi, kwa unyevu wake, angalia majani mapana ya vichaka vya chini: madoa ya kijani na ya kijivu juu ya jani ni hepatiki na kuvumwani zinazoishi juu ya majani, na hizo unachukua jani zima na kulikandamiza gazetini kama mmea wa kawaida.

Kwa kuvumwani, mahali pa mwanga ndipo pazuri: miembe ya uwanjani, minazi ya ufukweni, mikoko. Zile za majani-majani zisizoganda sana (Parmotrema, Physcia) zinyunyizie maji kidogo kabla ya kuzibandua, kwani zikiwa kavu huvunjika kama kaukau. Zile zilizogandamana na gome, mfano Graphis yenye mistari myeusi kama maandishi, hazibanduki. Kata kipande chembamba cha gome la nje pamoja nazo, lisizidi milimita 2 au 3, wala usifike kwenye ngozi ya kijani ya mti. Matawi yaliyoangushwa na kusi ni hazina, yanakuletea chini vitu vya kileleni ambavyo usingevifikia bila kamba.

Kiasi gani? Kipande cha sentimita 5 kwa 5 cha mosi kinatosha kwa hebaria mbili. Kama kishada chote ni kidogo kuliko kiganja, chukua robo yake. Kama kiko kimoja tu mahali pote, piga picha na uchukue vishina vitatu au vinne. Tafuta vyenye kapsuli, yaani kile kikombe cha spora (chembe za uzazi) juu ya bua, kwa sababu jenasi nyingi hazitambuliki kwa uhakika bila kuona meno ya mdomo wake. Octoblepharum albidum, kwa mfano, ina meno 8, ndiyo maana jina la jenasi limebeba neno la Kigiriki lenye maana ya nane.

Spishi moja, bahasha moja. Kishada kinachoonekana kimoja huweza kuwa na spishi tatu. Hizo utazitenganisha mezani, lakini usiunganishe vishada viwili vya miti miwili kwenye bahasha moja hata kama unaapa ni kitu kimoja.

Lebo

Hapa ndipo makala inapookoka au kufa. Andika juu ya bahasha palepale, kabla hujanyanyua mguu: namba yako, tarehe, kisiwa, wilaya, shehia, jina la msitu au shamba, nukta za GPS, mazingira, kilichobebwa juu yake (spishi ya mti, au aina ya jiwe), urefu kutoka ardhini, na mwanga au kivuli. Namba ziwe mfululizo mmoja wa maisha yako yote: 1, 2, 3 hadi 4000. Anayeanza upya kila safari atakuwa na sampuli kumi zenye namba 1, na mhariri hatazitofautisha.

Makosa manne yanayojirudia kwenye lebo za visiwani yanastahili kutajwa moja moja.

La kwanza ni alama ya kutoa. Jozani iko kwenye latitudo −6.27 na longitudo 39.41 hivi. Ukisahau kile kistari, ramani inaipeleka sampuli yako Ethiopia. Ukigeuza namba mbili, inatua Hispania. Weka nukta zote kwenye ramani jioni ileile uone kama zimekaa kisiwani.

La pili ni kuandika “Pemba” peke yake. Kuna Pemba nyingine, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, na ni huohuo ukanda wa pwani, kwa hiyo kosa halionekani kwa macho. Andika “Tanzania, Zanzibar, kisiwa cha Pemba”.

La tatu ni kuamini lebo za kale. Sampuli ya karne ya 19 yenye neno “Zanzibar” huenda ilichumwa mrima, kwa kuwa jina hilo lilitumika pia kwa himaya yote ya Sultani. Usiihesabu kuwa ya Unguja mpaka upate ushahidi mwingine, kama vile shajara ya safari ya aliyeichuma.

La nne ni “juu ya mti”. Mti gani? Andika hata jina la Kiswahili: mwembe, mkoko, mvinje. Jina la Kiswahili linafasirika baadaye. Neno “mti” halifasiriki.

Kukausha na kuhifadhi

Siku hiyohiyo fungua bahasha zote, uzisimamishe kwenye kapu au uzitandaze mezani penye upepo, kivulini. Feni inasaidia kuliko jua. Jua kali hufifisha rangi na kuvunjavunja majani. Usitumie joto linalopita nyuzi 40. Mosi haihitaji kukandamizwa. Ukibana sana kapsuli hupasuka na mkao wa majani unapotea. Siku mbili au tatu hutosha wakati wa kaskazi. Masika huweza kuchukua wiki, na hapo kabati dogo lenye taa ya kupasha, au sanduku linalofunga vizuri lenye silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) ndani, ni lazima. Utajua imekauka ukisikia ikilia kama karatasi ukiigusa.

Kama una mpango wa kazi ya DNA, kata kipande kidogo kisafi siku ya kwanza na ukitie kwenye kifuko chenye silika jeli. Usisubiri.

Baada ya kukauka, wadudu. Chawa wa vitabu hula kuvumwani vizuri sana. Tia bahasha kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa (sasa plastiki inaruhusiwa, kwa sababu sampuli ni kavu), weka kwenye friza ya nyuzi −20 kwa siku 7, itoe, na usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, la sivyo mvuke wa hewani utaganda juu ya sampuli na kuilowesha tena. Umeme ukikatika katikati ya wiki, anza kuhesabu upya.

Lebo ya mwisho ichapwe kwa printa ya leza. Ya wino hutiririka siku itakapodondokewa na maji.

Kutambua

Mosi kavu hujikunja. Tia kishina kwenye maji ya moto nusu dakika na majani yatafunguka. Ng'oa majani kwa koleo nyembamba kutoka katikati ya kishina, si ncha wala chini, yaweke kwenye slaidi yenye tone la maji. Tazama umbo, ukingo, uti wa kati na seli za katikati ya jani. Pima majani 10 yasiyopungua, kutoka vishina zaidi ya kimoja.

Kisha kata kwa wembe mpya: laza kishina juu ya slaidi, kishikilie kwa slaidi nyingine, katakata kuelekea kwako kama mtu anayekata bizari. Vipande vingi vitaharibika, vitatu vitakuwa vizuri. Vinakuonesha kisichoonekana kwa juu: Octoblepharum na Leucobryum zote ni nyeupe na zote zina tabaka za seli tupu, lakini seli za kijani za ya kwanza ni za pembe tatu na za ya pili ni za pembe nne.

Kabla ya kupima chochote, linganisha rula ya ndani ya hadubini na slaidi ya kipimo. Kwa lenzi ya mara 40 na jicho la mara 10, mgawanyo mmoja mara nyingi ni mikroni 2.5, lakini hadubini yako huenda isiwe hivyo. Asiyepima hili atatoa vipimo vilivyokosea vyote kwa uwiano uleule, na mkaguzi wa jarida atashuku spishi mpya mahali pasipo na spishi mpya.

Kuvumwani hudai kemia kidogo, na majaribio haya ndiyo yanayotenganisha jenasi zinazofanana kama pacha.

K: gramu 10 za hidroksidi ya potasiamu kwenye mililita 100 za maji. Tia hidroksidi kwenye maji polepole, hupata moto. Tone moja kwa ncha ya sindano juu ya ngozi ya nje, jingine juu ya nyama nyeupe ya ndani baada ya kuikwangua. Zambarau juu ya kuvumwani ya rangi ya chungwa ni kundi la antrakinoni. Njano inayogeuka nyekundu mara nyingi ni asidi ya norstiktiki.

C: jiki ya kufulia, isiyo na manukato wala sabuni. Nguvu yake huisha ndani ya wiki chache chupa ikishafunguliwa, na jiki iliyokufa inatoa jibu la “hapana” kwa kila kitu. Hapa malele wanafaa tena: gamba la nje la Roccella montagnei hugeuka jekundu kwa C, basi weka kipande kwenye kijaluba na ukijaribu kila asubuhi ya kazi. Kisipokuwa chekundu, mwaga chupa. Usichanganye C na asidi yoyote. Gesi ya klorini hutoka.

P: parafenilendiamini. Myeyusho unaodumu hutengenezwa kwa gramu 1 ya dawa hii, gramu 10 za sulfiti ya sodiamu, mililita 100 za maji na matone machache ya sabuni ya maji. Ni sumu, na ndiyo kemikali iliyomo kwenye rangi nyeusi za nywele zinazopakwa kama piko, zile zinazowababua mabibi harusi. Glavu, dirisha wazi, na isiguse bahasha za hebaria kamwe.

Taa ya miale ya UV ya nanomita 365, gizani: Pyxine cocoes hung'aa njano kwa sababu ya likesantoni, jibu la sekunde mbili lisiloharibu sampuli.

Kwa spora, kata kikombe cha uzazi wembamba wa karatasi, tazama kwenye maji kwanza kabla ya K, kwa kuwa K huvimbisha. Pima spora 20 hadi 30 zilizokomaa, na zile zilizokwisha kutoka kwenye kifuko chao cha spora ndizo za kuaminika. Kwa familia ya Graphis huna jina bila spora. Mistari ya juu pekee haitoshi hata kwa mtaalamu.

Mahali pa kuweka sampuli

Gawa kila namba sehemu mbili au tatu. Moja ibaki nchini, mfano hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (alama yake DSM), nyingine iende Nairobi kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki (EA), na ya tatu kwa mtaalamu wa familia husika. Hebaria ikikupa namba yake, iandike kwenye daftari palepale. Sampuli iliyo nyumbani kwako haihesabiki kuwa imehifadhiwa, na jarida halitaikubali.

Kuandika

Chagua jarida kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. The Bryologist, lililoanza 1898, hupokea mosi na kuvumwani pamoja. The Lichenologist, la 1958, ni la kuvumwani. Journal of Bryology ni la mosi na hepatiki. Orodha ya spishi za kisiwa kimoja mara nyingi hufaa zaidi jarida la kikanda. Soma maelekezo kwa waandishi na makala tatu za karibuni, kisha iga muundo wao hadi kwenye nukta na mkato. Jarida linalokuandikia barua pepe likikusifu na kudai ada kabla ya ukaguzi, liache.

Makala ya rekodi mpya inahitaji: utangulizi mfupi wenye sababu, eneo na mbinu, kisha kila spishi na maelezo yake, vipimo, kemia, mazingira, mtawanyiko, tofauti na spishi inayofanana nayo zaidi, na sampuli zilizochunguzwa. Sehemu ya tofauti ndiyo wakaguzi huisoma mara mbili. Usiseme tu “inafanana na”; sema inatofautiana kwa nini, kwa mikroni na kwa rangi.

Picha ziwe na mstari wa kipimo ndani yake. “Mara 400” chini ya picha haina maana tena picha ikipunguzwa. Picha nukta 300 kwa inchi, michoro ya mistari 600 au zaidi.

Majina ya waandishi wa spishi yana sarufi yake. Octoblepharum albidum Hedw. maana yake Hedwig aliipa jina hilo na limebaki. Pyxine cocoes (Sw.) Nyl. maana yake Swartz aliipa jina akiwa ameiweka jenasi nyingine, na Nylander akaihamishia Pyxine. Kuacha mabano ni kosa la ukweli, si la mapambo.

Ukiamini una spishi mpya, simama. Itume kwanza kwa mtaalamu wa jenasi hiyo. Akikubali, kanuni za majina zinataka sampuli moja iteuliwe kuwa kielelezo cha jina na hebaria yake itajwe, maelezo yawe kwa Kilatini au Kiingereza, na kwa kuvumwani, kwa kuwa ni kuvu, jina lisajiliwe na kupata namba ya utambulisho. Sharti hilo lipo tangu 1 Januari 2013. Mosi haina sharti hilo la usajili. Namba ikikosekana kwenye makala ya kuvumwani, jina halihesabiki kuwa limechapishwa kihalali, hata jarida liwe kubwa kiasi gani.

Ongeza muhtasari wa Kiswahili iwapo jarida linaruhusu, na kama haliruhusu, andika kurasa mbili kando kwa wasimamizi wa msitu na sheha, wenye picha na majina ya mahali.

Majibu ya wakaguzi yakija, nakili kila hoja, andika jibu lako chini yake na namba ya mstari uliobadilika. Ukipinga, pinga kwa kipimo: rudi kwenye bahasha, kata tena, pima tena, utume picha.

Makala ikishatoka, weka kwenye kila bahasha kikaratasi chenye jina lililochapishwa, mwaka na jarida, katika hebaria zote zenye nakala. Ukija kugundua ulikosea jina, usifute lebo ya zamani. Bandika mpya pembeni yake, yenye tarehe na jina la aliyesahihisha.